Maji Mengi, Karatasi Haba

Mwisho wa kila muhula wajukuu zangu hurejea nyumbani hapa Tanga na mikoba iliyojaa madaftari yaliyokwisha kuandikwa, na kwa muda wa miaka mingi desturi ya nyumba yetu ilikuwa ni kuyafunga madaftari hayo kwa kamba ya katani na kumpelekea muuza karanga wa jirani, naye huzichana kurasa na kuzisokota ziwe vifuko vyembamba vya biashara yake. Siikejeli desturi hiyo, kwani karatasi itumikayo mara mbili ni bora kuliko itumikayo mara moja, lakini siku moja mjukuu wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka saba, alinunua karanga akazikuta zimefungwa katika hesabu zake mwenyewe, tena zile alizozikosa, zenye alama nyekundu za mwalimu, akanijia kwa ghadhabu akauliza, "Babu, karatasi haiwezi kufutwa ikawa mpya?" Nikamjibu kwamba kufutwa haifutiki, ila yaweza kuvunjwa ikaundwa upya, na madhali mtoto akishaahidiwa jambo hampi mtu nafasi ya kulisahau, ilinilazimu kujifunza kwa mikono kazi ambayo hata siku ile nilikuwa nikiijua vitabuni tu. Haya nikuandikiayo, msomaji azizi, ndiyo niliyoyapata katika kujifunza huko, pamoja na makosa yake.

Sharti nianze na asili ya kitu chenyewe, kwa sababu mzazi asiyejua karatasi imeundwa kwa nini ataifanya kazi hii kama mpishi apikaye pilau bila ya kuonja. Chukua kipande cha karatasi ya daftari, ukichane taratibu wala usikikate kwa mkasi, kisha umwambie mtoto aukabilishe na mwanga wa dirisha ule ukingo uliochanika. Ataona vinyweleo vyeupe, vyembamba kuliko malaika ya mkononi, vimetokeza kila upande. Hivyo ndivyo karatasi yenyewe: nyuzi za mimea, aghalabu za miti, zilizotenganishwa ndani ya maji zikaelea, zikachujwa juu ya wavu zikalala huku na huku, moja juu ya nyenziwe, na maji yalipokuwa yakiondoka yakazivuta zikasogeleana, mpaka zilipokauka zikawa zimeshikana zenyewe pasipo gundi. Maji yakirejea, zinaachana. Yakiondoka tena, zinashikana tena. Kila zinapopitishwa katika mitambo ya viwanda hukatika zikawa fupi, hata husemwa kwamba uzi mmoja huvumilia mageuzo matano hadi saba tu kabla haujawa vumbi. Lakini beseni la nyumbani halina ukali wa mitambo, na hesabu hiyo isikutie wasiwasi.

Ukilishika hilo umeishika kazi nzima. Makosa yangu ya mwanzo, na karibu yote niliyoyaona kwa wengine baadaye, yalizaliwa na jambo moja, nalo ni uchoyo wa maji. Mtu huliona rojo zito akadhani ndilo litakalotoa karatasi madhubuti, kama uji mzito unavyodhaniwa kushibisha zaidi. Kumbe rojo zito hutoa kitu mfano wa chapati iliyokosewa, bonge upande huu na tundu upande ule. Karatasi nyembamba iliyo sawa hutoka katika maji yanayoonekana kana kwamba hayana kitu, maji kama tui la mkamuo wa tatu, wakati nazi imekwisha kutoa utamu wake wote. Najua kwamba katika miji yetu maji hayapatikani kila saa, na kuna nyumba ambamo kujaza beseni ni jambo la kufikiriwa mara mbili; basi na ijulikane tangu sasa kuwa maji hayo hayamwagwi baada ya kila karatasi, bali beseni moja hutumika kutwa nzima, na jioni, yakisha kuchujwa, huenda kunywesha migomba.

Kazi ya kwanza ni kuchagua. Karatasi za daftari na zile za mashine za kuchapia ndizo bora, kwa kuwa nyuzi zake ni ndefu kiasi na wino wake ni kidogo. Magazeti nayo yanafaa, ila yatakupa karatasi ya kijivu na mikono myeusi. Trei za mayai zimekwisha kuundwa kwa karatasi kuukuu, basi hulainika upesi mno na watoto huzipenda. Majarida yanayong'aa yaache, kwa kuwa mng'aro ule aghalabu ni udongo mweupe uliopakwa juu yake, na ukisagwa hugeuka matope. Paketi za maziwa ziache, maana ndani yake mna utando wa plastiki. Na vile vikaratasi laini vya risiti za madukani, ambavyo huandikwa kwa joto wala si kwa wino, viondoe kabisa mikononi mwa watoto, kwa sababu vingi vimepakwa dawa isiyofaa kuchezewa. Halafu kuna uchaguzi mwingine usioandikwa katika vitabu vya wageni. Katika nyumba zetu za pwani, karatasi za chuoni zenye aya za Mwenyezi Mungu huwekwa kando kwa heshima yake wala hazichanwi pamoja na hesabu na risiti, na huo ni wakati mzuri wa kumfundisha mtoto adabu hiyo. Tena wewe mwenyewe uzipitie karatasi moja moja kabla hazijachanwa. Mimi sikuzipitia, na stakabadhi ya kodi ya nyumba ya mwaka mzima iliingia majini pamoja na imla ya darasa la pili.

Kuchana ni kazi ya watoto wadogo kabisa, hata wa miaka mitatu, na wala usiwaharakishe. Ondoa pini zote za chuma, kisha waache wachane vipande vya ukubwa wa stempu ya posta. Kazi hii huchukua karibu saa nzima ikiwa watoto ni watatu na mazungumzo ni mazuri, kwa hiyo ndiyo saa ya hadithi. Wangu huwasimulia habari za Cai Lun, mtumishi wa kasri ya mfalme wa China, ambaye mwaka 105 alimpelekea bwana wake karatasi iliyoundwa kwa maganda ya miti, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia; na watoto wa Tanga, ambao huziona nyavu kuukuu zimetupwa ufukoni kila siku, hushangaa sana wakisikia kwamba nyavu hizo zilipata kuwa karatasi. Huwaeleza jinsi ufundi huo ulivyotoka China ukafika Samarkand, na kutoka Samarkand ukafika Baghdad mwishoni mwa karne ya 8, na kwamba jina lenyewe tulitumialo, karatasi, tumelipata kwa Waarabu, nao Waarabu walilipata kwa Wayunani, ilhali waraka, ambao kwetu ni barua, kwa Kiarabu chake ni jani la mti. Huwaambia pia kwamba misahafu mizuri iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, iliandikwa kwa wino wa mafundi wa huko huko lakini juu ya karatasi iliyovuka bahari kutoka Ulaya, nyingi katika hiyo ikiwa ya Italia. Hivyo mtoto atengenezaye karatasi yake katika ua wa nyumba amefanya jambo ambalo mafundi wale, kwa ustadi wao wote, walilazimika kulinunua. Na wakichoka na hadithi huwaonyesha kiota cha nyigu chini ya paa la banda. Nyigu huparura mti mkavu, akautafuna kwa mate, akaupaka tabaka kwa tabaka mpaka ukawa karatasi ya kijivu isiyokuwa na kosa. Mfaransa Réaumur aliiona hikima hiyo tangu mwaka 1719 akawaambia wenzake kwamba yamkini karatasi ikatengenezwa kwa miti, lakini zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya viwanda kumfuata nyigu. Hata wakati huo viwanda vilikuwa vingali vikikusanya matambara.

Kipimo ni hiki. Karatasi 10 za kawaida za mashine ya kuchapia zina uzito wa gramu 50 hivi, nazo zatosha kwa beseni la lita 10 za maji, na zitakupa karatasi kumi au kumi na mbili za ukubwa wa nusu ya ile ya kwanza, nzito kidogo kama karatasi ya kadi. Ukisema hizo ni haba, umesema kweli. Ndiyo sababu ya jina nililoyapa makala haya. Vipande vilivyochanwa vitie ndooni, uvimiminie maji ya moto wewe mwenyewe pasipo mtoto karibu, ufunike, ulale navyo. Asubuhi vitakuwa vimenyong'onyea kiasi cha kupasuka kati ya vidole viwili.

Kusaga kuna njia mbili, na sioni haya kusema kuwa naipenda ile ya kale. Ukiwa na blenda, tia gao moja la karatasi iliyoloweshwa katika jagi lililojaa maji robo tatu, usage kwa nusu dakika, upumzike, usage tena. Blenda isiyotiwa maji ya kutosha hulia, hutoa moshi, kisha hunyamaza, na hapo uchoyo wa maji utakugharimu fedha. Tena blenda itakayosaga karatasi na isirejee kusaga maembe. Ukiwa na kinu na mchi, twanga gao kwa gao na maji kidogo, watoto wakipokezana, na rojo litakalotoka litakuwa na nyuzi ndefu zaidi, kwa sababu mchi huzisugua na kuzifumua nyuzi lakini blenda huzikata. Karatasi ya kinu ni ngumu kuchanika kuliko ya blenda. Nimezijaribu zote mbili kwa kuzivuta mbele ya mashahidi watatu, mkubwa wao akiwa na miaka kumi na mmoja. Kujua kama rojo limeiva, chota kijiko kimoja, ukitie katika gilasi ya maji safi, uifunike kwa kiganja uitikise: ukiona mawingu tu, limeiva, ukiona vipande vinazunguka, bado.

Ama chombo cha kuchotea, ambacho ndicho kitu pekee unachopaswa kukiunda, ni viunzi viwili vya mbao vya ukubwa mmoja. Fremu mbili za picha zilizotolewa vioo zafaa kabisa. Kimoja kikazie wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu, uvutwe mpaka ulie kama ngoma ukiupiga kwa kidole, na ushikizwe kwa pini zisizoshika kutu, kwani kutu itaacha madoa ya hudhurungi ambayo hayatoki. Kiunzi cha pili hubaki kitupu, nacho huwekwa juu ya wavu kama ukingo wa sahani, ili rojo lisimwagike pembeni. Nyumba isiyo na mbao wala nyundo iazime chekeche la unga lenye wavu ulionyooka; karatasi zake hutoka mviringo, na kwa hakika watoto wengine hawataki tena za pembe nne wakishaziona hizo.

Sasa mwaga rojo katika beseni lenye maji, ulikoroge kwa mkono mpaka chini, kisha usimngojee mtoto akuulize, mweke mbele ya beseni. Mwambie avishike viunzi pamoja kwa mikono miwili, kile chenye wavu chini, kitupu juu, akiwa amekunja mikono ya shati hadi mabegani. Aviingize majini kwa ukingo, vikiwa vimesimama wima kama mtu apitishaye barua chini ya mlango, kisha avilaze chini ya maji vikiwa sawa, na avinyanyue moja kwa moja bila kusita. Wakati maji yanapoanza kushuka kupitia wavuni, na avitikise kidogo, kushoto na kulia, mbele na nyuma, ili nyuzi zipishane na kushikana pande zote. Lakini aache kutikisa kabla maji hayajakwisha, maana nyuzi zikisha kutulia, mtikiso hauzisuki bali huzipasua. Kuna pumzi moja tu kati ya wakati wa kutikisa na wakati wa kuacha. Sikupata maneno ya kumwelezea mtoto pumzi hiyo, na baada ya majaribio manne mjukuu wangu wa kike aliijua kwa mikono yake kuliko nilivyoijua mimi, akaniambia, "Babu, ukiona maji yameacha kung'aa, basi." Naam, ndivyo ilivyo: juu ya wavu kuna mng'aro kama wa kioo, na mara moja mng'aro huo huzama.

Karatasi ikitoka na tundu, au nene upande mmoja, usimkemee, wala usiitengeneze kwa kidole. Ipindue juu ya maji, wavu uguse uso wa beseni, na kila uzi utarudi ulikotoka. Hii ndiyo raha ya kazi hii mbele ya watoto, kwamba kosa halina gharama yoyote. Katika upishi andazi likiungua limeungua, katika ushoni kitambaa kikikatwa vibaya kimekatwa, lakini hapa hakuna kinachopotea ila dakika moja. Baada ya karatasi tatu au nne utaona zinazidi kuwa nyembamba, kwa sababu umechota nyuzi ukaacha maji. Ongeza kikombe kimoja cha rojo, koroga upya, uendelee. Na kila mara, kabla ya kuchota, koroga, kwani nyuzi hutuama chini upesi kuliko unavyodhani.

Kuihamisha karatasi kutoka wavuni ndipo wengi wanapokata tamaa. Acha viunzi vichuruzike mpaka tone liwe moja moja. Ondoa kiunzi kitupu kwa hadhari, kisidondoshe tone juu ya karatasi mbichi, maana tone moja huacha alama ya mviringo isiyofutika. Uwe umekwisha kutandika kitambaa cha pamba, nacho lazima kiwe kibichi; shuka kuukuu yafaa, na kanga iliyochakaa yafaa zaidi, ijapokuwa wenye kanga hawatakubali kwamba imechakaa. Kitambaa kikavu hukataa kuipokea karatasi. Simamisha ukingo wa kiunzi juu ya kitambaa, kisha kilaze chote kwa mwendo wa kubingirisha, karatasi ikielekea chini. Bonyeza mgongo wa wavu kwa sifongo ukikamua maji mara nyingi, na hapa usiwe na haraka. Halafu inua kiunzi kwa kuanzia ukingo ule ule ulioanza nao. Karatasi itabaki kitambaani. Ikikataa, hukukamua vya kutosha. Mara yangu ya kwanza nilikuwa nimeandaa kitambaa kikavu, na karatasi sita mfululizo zilikwenda nusu huku na nusu kule, mpaka bibi yao, aliyekuwa akipita na sinia la mchele, akasema bila kusimama, "Kilowesheni kwanza."

Tandika kitambaa kingine juu yake, karatasi nyingine, kitambaa kingine, hata rundo litimie karatasi sita au saba. Liweke juu ya ubao, mahali pasipoharibika kwa maji, uweke ubao wa pili juu, kisha uwaruhusu watoto wote wapande wasimame juu yake. Shinikizo hilo hutosha, na sijaona kifaa cha dukani kilichopata mapokezi kama hayo. Maji yatatoka kila upande. Wakae hapo kwa muda wa kuhesabu hadi mia, na wakikosea hesabu waanze tena.

Kukausha kunategemea majira. Wakati wa masika usijaribu, maana karatasi itakaa siku tatu haijakauka, na kabla haijakauka itaota ukungu. Wakati wa jua, tandaza vitambaa kivulini penye upepo mdogo, kila kimoja na karatasi yake, kwa kuwa jua kali hukausha ukingo kabla ya kati na karatasi hujikunja kama jani la mkungu. Ukitaka uso laini, ihamishie karatasi mbichi juu ya kioo cha dirisha au kigae cha ukutani, uipapase kwa brashi laini ishike, uiache. Ikikauka itabanduka yenyewe, na upande uliogusa kioo utakuwa umenyooka barabara. Karatasi iliyokaukia kitambaani husahihishwa kwa pasi isiyo ya moto mwingi, kitambaa kikiwa juu yake. Mjukuu wangu alipobandua ya kwake ya kwanza, ilikuwa na vidoa vyekundu vilivyotawanyika kama vumbi la pilipili, na katika pembe moja, nusu ya tarakimu 7 iliyosalimika. Aliitazama kwa muda mrefu akitafuta ilikuwa hesabu ipi.

Karatasi ikiwa kavu usidhani imekuwa tayari kuandikiwa. Andika kwa kalamu ya wino na utaona herufi zinapanuka kwa kila upande, kama tone la chai juu ya kitambaa, maana nyuzi tupu hufyonza. Mafundi wa Ulaya walichovya karatasi zao katika gundi ya ngozi na mifupa, na wenye vitabu vya sasa watakuambia ununue jelatini. Lakini jelatini asili yake hujulikana na mtengenezaji tu, na nyumba nyingi za kwetu hupenda kujiepusha na shaka, tena hapana haja. Chukua kijiko kimoja cha chai cha wanga wa muhogo, ukoroge kwa maji baridi, upike katika kikombe kimoja cha maji mpaka ung'ae, uache upoe, kisha uupake juu ya karatasi kavu kwa brashi, upande mmoja, na baadaye wa pili. Ikikauka itapata sauti. Ukiitikisa italia kama karatasi ya dukani. Wino utakaa pale ulipowekwa.

Mapambo ni mlango ambao ukiufungua hutaufunga jioni hiyo, basi nitataja machache niliyoyajaribu. Bizari ya manjano hutoa rangi nzuri ambayo jua huila baada ya wiki chache. Maji ya chai iliyochemshwa sana hutoa hudhurungi inayodumu, na barua iliyoandikwa juu yake huonekana ya kale. Petali za waridi na za asumini zitiwe kavu, kwani zikiwa mbichi huvuja maji na kuacha duara la kahawia. Nyuzi za mgomba zinapendeza machoni na zinaongeza nguvu, lakini lazima zichemshwe kwanza kwa saa kadhaa katika maji ya magadi na kuoshwa sana, kazi ambayo si ya watoto. Na usumba wa nazi, ambao ulinivutia kwa kuwa tunao bure, ni mgumu mno, ulitoa kitu kisichokuwa karatasi wala mkeka. Mbegu za mchicha ni ndogo kiasi cha kutosumbua. Zitie beseni likiwa karibu kwisha, zikauke upesi kabla hazijaamka, na karatasi hiyo isipigwe pasi. Mwenye kuipokea kama kadi ya Idi ataisoma, kisha ataifukia katika kopo la udongo na kunywesha.

Lakini katika yote, lililowashangaza watoto zaidi ni alama ya maji. Chukua waya mwembamba, uupinde uwe herufi ya kwanza ya jina la mtoto, herufi ikigeuzwa kama inavyoonekana katika kioo, uushonee juu ya wavu kwa uzi. Pale penye waya nyuzi hulala chache, na karatasi ikikauka haionyeshi chochote. Iinue kuelekea dirishani na herufi itajitokeza kwa mwanga. Waitalia walikuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 13, na hata noti za fedha zetu zimehifadhiwa kwa ufundi wa namna hiyo, basi mwambie mtoto atoe noti moja aikabilishe na jua aone. Kisha uhesabu noti zako.

Mwisho wa siku kuna beseni lenye maji na rojo lililobaki, na hapa nakuhadharisha kwa yaliyonifika. Usilimwage karoni wala chooni. Nililimwaga mara moja tu, na baada ya wiki mbili fundi bomba alivuta kutoka ndani ya bomba fimbo ya karatasi yenye urefu wa mkono, nyeupe, ngumu, imechukua umbo la bomba barabara; alinidai fedha zake na watoto wakadai fimbo. Wala usiliache beseni uani kwa siku nyingi, kwa sababu rojo hunuka, na maji yaliyotuama hualika mbu. Nilivikuta viluwiluwi siku ya nne. Lichuje rojo lote kwa kitambaa, maji yapeleke migombani, na lililobaki kitambaani likamue kwa nguvu, ulifinyange madonge madogo ya ukubwa wa ndimu, uyaanike juani mpaka yawe mepesi. Yatakaa kwa miezi mingi, na siku ya kazi nyingine huloweshwa usiku mmoja, yakasagwa upya yakarejea kuwa rojo. Yatie katika kopo lenye mfuniko na uandike juu yake kilichomo, kwa maana yakikauka yana weupe kama wa visheti, na mgeni wetu mmoja, mtu wa heshima sana, alikuwa amekwisha kutafuna la kwanza kabla hatujawahi kusema neno.